Savannah: Mji ambako kiti cha mezani kilipiganiwa

MTU akikuambia kwamba anakwenda Marekani, kisha ukajaribu kukisia atakula nini huko, bila shaka utawaza mkate wa duara uliotiwa nyama katikati, chipsi na soda yenye barafu. Nami niliwaza hivyo hivyo. Basi siku niliyoketi mezani mjini Savannah, katika jimbo la Georgia, na mzee mmoja nisiyemjua akanipitishia bakuli, nilichungulia ndani nikadhani macho yangu yananidanganya. Ilikuwa sukuma wiki.

Majani mapana ya kijani kibichi yalikuwa yamepikwa hadi yakalainika, na mchuzi wake umetulia chini ya bakuli. Bakuli lililofuata lilikuwa la kunde. La tatu lilikuwa la bamia. Nilimgeukia binamu yangu, ambaye ni muuguzi huko Marietta karibu na Atlanta na ndiye aliyenipeleka, nikamuuliza kwa Kiswahili kama kweli tulivuka bahari ama tulizunguka tu angani tukarudi sokoni Gikomba.

"Dada, kula kwanza," akanijibu. "Maswali yako utauliza tukitoka."

Nikala. Maswali niliyouliza baada ya hapo ndiyo yaliyozaa makala haya. La kwanza: chakula hiki kilifikaje huku? La pili, ambalo lilinijia baadaye nikitembea mjini: ni nani hasa aliyekuwa akiruhusiwa kuketi mezani akakila?

Ninaandika nikiwafikiria wazazi walio na watoto wanaosoma Georgia, pamoja na wanafunzi wenyewe, kwa maana jimbo hilo lina Wakenya wengi. Wengi wao wanaishi Atlanta na vitongoji vyake, na hawajui kwamba mwendo wa saa nne hivi kwa gari, yaani kilomita 400, utawafikisha katika mji mdogo wa pwani ambao chakula chake kina mengi ya kuwasimulia.

MJI WENYEWE

Savannah ulianzishwa mwaka 1733 na Mwingereza James Oglethorpe, na ndio mji wa zamani zaidi katika Georgia. Sensa ya mwaka 2020 ilipata wakazi wasiozidi 148,000, kwa hiyo ni mji mdogo kuliko Thika. Walakini umepangwa kwa namna ya kupendeza. Katikati yake kuna viwanja 22 vyenye miti mikubwa iliyofunika njia kwa kivuli, na mgeni anaweza kutoka kiwanja hadi kiwanja kwa miguu bila kuchoka. Zamani viwanja hivyo vilikuwa 24.

Ni mji wa wanafunzi pia. Kuna Chuo Kikuu cha Savannah State, ambacho kilianzishwa mwaka 1890 na ndicho kikongwe zaidi miongoni mwa vyuo vya umma vya Wamarekani weusi katika Georgia. Kuna na chuo cha sanaa na usanifu kijulikanacho kama SCAD, kilichoanzishwa mwaka 1978 na ambacho kimenunua na kukarabati majengo mengi ya kale mjini. Moja la majengo hayo nitalirudia mwishoni, kwa hiyo usisahau jina hilo.

ASUBUHI: UJI AU UGALI?

Tuanze na kiamshakinywa. Mkahawa wowote wa kienyeji utakuletea sahani yenye mayai na, kando yake, rundo jeupe linalofukiza mvuke. Kwenye menyu huitwa "grits". Ni mahindi meupe yaliyoparazwa, yakachemshwa polepole kwa maji au maziwa, kisha yakatiwa siagi na chumvi. Mwenyeji atakuambia ni uji. Mkenya atakuambia ni ugali ambao mpishi aliukatia tamaa kabla haujashikana. Wote wawili wana haki.

Usiudharau. Ukiagiza pamoja na kamba wa baharini waliokaangwa kwa mchuzi mzito, utaelewa kwa nini watu wa pwani hiyo wanaujivunia. Zamani kilikuwa chakula cha wavuvi asubuhi kabla ya kuingia kazini. Siku hizi mahoteli makubwa wanakiuza kwa bei ya chakula cha jioni.

Pamoja nacho utaletewa aina ya skonzi laini zinazopasuliwa na kupakwa siagi au asali. Wenyeji huziita biskuti, jambo ambalo litamchanganya kila mtoto wa Kenya aliyezoea biskuti za kutafuna na chai.

MCHANA: MEZA YA WATU KUMI

Meza niliyoanza kuizungumzia iko katika nyumba ya matofali, nambari 107 mtaa wa West Jones. Panaitwa Mrs. Wilkes' Dining Room. Ilikuwa nyumba ya wapangaji waliokula pamoja, na mwaka 1943 Bi. Sema Wilkes akaingia jikoni humo. Chakula chake kilipata sifa hadi watu wasiokuwa wapangaji wakaanza kupiga foleni mlangoni. Bi. Wilkes alifariki mwaka 2002 na jamaa zake wakaendelea na kazi.

Utaratibu ni wa aina yake. Hakuna kuwekewa nafasi kwa simu. Unafika, unasimama kwenye foleni njiani, na ukiingia unapangwa kwenye meza ya watu kumi, wengine kutoka majimbo ambayo hujapata kuyasikia. Menyu hakuna. Chakula kimekwisha kuandaliwa mezani katika mabakuli kama nyumba yenye arusi: kuku wa kukaanga, wali mwekundu, maharagwe, kunde, bamia, viazi vitamu vilivyopondwa na kutiwa sukari, mikate midogo ya mahindi. Kila mmoja anapakua na kumpitishia jirani. Ukimaliza unabeba sahani yako mwenyewe hadi jikoni. Nilimwona bwana mmoja wa makamo, aliyevaa saa ya bei ghali, akiipeleka sahani yake kwa heshima kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Wahenga wetu walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika meza ile wote ni wageni na wote wanapona. Huwezi kuketi kimya na mtu ambaye umemwomba akupitishie chumvi mara tatu.

Mkenya atafurahi kujua kwamba Machi 2010, Barack Obama akiwa Rais wa Marekani, alikuja kula chakula cha mchana katika nyumba hiyo hiyo. Mwana wa mtu wa Siaya aliketi hapo akapitishiwa mabakuli kama wewe na mimi. Meya wa mji wakati huo, Otis Johnson, alikuwa pia Mmarekani mweusi. Niliposikia hayo niliona fahari. Binamu yangu akatikisa kichwa, akaniambia nisubiri kwanza tufike barabara ya Broughton.

CHAKULA KILIVYOVUKA BAHARI

Kabla ya kufika huko, tujibu swali la kwanza. Sukuma wiki, ambayo kwenye menyu huandikwa "collards", na hii ya kwetu ni mimea ya ukoo mmoja. Asili yake ni Ulaya, na walioipeleka Marekani ni Wazungu, kama vile walivyoileta hapa. Lakini upishi wa kuichemsha kwa muda mrefu na kuuthamini mchuzi wake ulikuzwa na wapishi weusi, ambao miaka mingi walikuwa watumwa.

Bamia na kunde ni habari nyingine. Hizo zilitoka Afrika. Jina "gumbo", ambalo ni la mchuzi mzito wa bamia unaopendwa kote Kusini mwa Marekani, linatokana na lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa ngombo. Simsim pia ilitoka Afrika, na hadi leo Savannah huoka vibiskuti vyembamba vya simsim kwa jina la "benne", jina la Afrika Magharibi.

Njugu karanga zina hadithi ya kuchekesha. Mmea wenyewe ni wa Amerika Kusini. Wareno waliupeleka Afrika, na watu wa Kongo wakaupa jina nguba, jina ambalo sisi wasemao Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa sana, maana linakaribiana na njugu yetu. Kisha watumwa wakavuka bahari na jina hilo, na hata sasa mzee wa Georgia akitaka njugu huenda akaziita "goober". Kando ya barabara utaona zikichemshwa na maganda yake kwa maji ya chumvi. Mtu wa Mombasa atasimamisha gari mara moja.

Zaidi ya vyote kuna mchele. Georgia ilipoanzishwa ilipiga marufuku utumwa, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1751. Baada ya hapo matajiri walifungua mashamba ya mpunga kando ya mito ya Savannah, Ogeechee na Altamaha. Kilimo hicho kilihitaji watu wenye maarifa ya kuzuia maji ya mto, kuyaingiza shambani na kuyatoa kwa wakati wake. Walioletwa kwa wingi ni Waafrika, wengi wakiwa wa nchi za mpunga kama vile Senegambia na Sierra Leone.

Utajiri huo ulikuwa na bei yake. Tarehe 2 na 3 Machi, 1859, nje kidogo ya Savannah katika uwanja wa mbio za farasi, tajiri mmoja aitwaye Pierce Butler aliuza watu zaidi ya 400 kutoka mashamba yake ya mpunga na pamba ili alipe madeni. Waume, wake, vikongwe na watoto wachanga walipigwa mnada siku mbili mvua ikinyesha. Wazao wao wanazikumbuka siku hizo kama Wakati wa Kilio.

Vizazi vya watu hao wa pwani na visiwani huitwa Gullah au Geechee. Wana lugha yao iliyochanganya Kiingereza na lugha za Afrika, na mwaka 1949 mtaalamu mweusi Lorenzo Dow Turner alichapisha kitabu kilichoonyesha maelfu ya maneno ya Kiafrika ndani yake. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilitenga rasmi ukanda wa pwani yao, kuanzia North Carolina hadi Florida, kuwa urithi wa taifa.

Kwa hiyo ukipakuliwa wali mwekundu wa Savannah, uliopikwa kwa nyanya, kitunguu, pilipili hoho na vipande vya soseji, ujue umepakuliwa historia. Ni ndugu wa ule wali mwekundu maarufu wa Afrika Magharibi. Kwa ulimi wa mtu wa pwani yetu, ni pilau iliyosahau bizari njiani lakini ikakumbuka mengineyo yote. Wanaopenda chakula hiki kwa mtindo wa nyumbani hasa, mbali kidogo na barabara za watalii, hupelekwa barabara ya Skidaway kwenye mkahawa uitwao Sisters of the New South, ambako utapata mkia wa ng'ombe, mabawa ya bata mzinga na sukuma wiki bila madaha mengi.

VINYWAJI: CHAI BARIDI NA KIKOMBE CHA NJIANI

Siku ya kwanza, katika mkahawa mmoja mdogo, niliomba chai. Mhudumu akaniletea bilauri ndefu iliyojaa barafu na kitu chekundu. Nikamwambia kwa upole kwamba nimeomba chai. Akaniambia kwa upole zaidi kwamba hiyo ndiyo chai. Nikaionja, nikahisi kana kwamba mtu amemwaga kilo ya sukari ndani. Kumbe Kusini mwa Marekani ukitaja chai tu, wanaelewa chai baridi yenye sukari. Ukitaka ya moto, sema ya moto, na usishangae wakikuletea maji na kijifuko bila maziwa.

Kuhusu pombe, Savannah una vituko. Wakuu walioanzisha Georgia walipiga marufuku ramu mwaka 1735, wakidhani watu watakuwa wachapa kazi. Sheria hiyo ilishindwa na mwaka 1742 ikafutwa. Leo, katika eneo la kati la kihistoria, mtu mzima anaruhusiwa kutembea barabarani na kinywaji chake mkononi, almuradi kiwe katika kikombe cha plastiki au karatasi kisichozidi wakia 16, yaani karibu nusu lita, na awe na kikombe kimoja tu. Katika sehemu nyingi za Marekani jambo hilo lingekutia taabani na polisi.

Kwa wanaotaka kuketi chini kwa utulivu, kuna Crystal Beer Parlor iliyofunguliwa mwaka 1933. Bia ipo, lakini mimi nakushauri mchuzi wake mzito wa kaa. Kinywaji kinachotajwa sana mjini ni Chatham Artillery Punch, mchanganyiko wa ramu, brandi, wiski, divai ya mapovu, chai na ndimu. Ni kitamu kama sharubati, na hapo ndipo penye hatari. Atakayekunywa vitatu atahitaji mtu wa kumwonyesha hoteli yake iko wapi.

JIONI: KITUO CHA BASI KILICHOGEUKA MKAHAWA

Mwaka 1938 kampuni ya mabasi ya Greyhound ilijenga kituo cha kupendeza mjini Savannah. Ilikuwa enzi ya ubaguzi, na abiria weusi walikuwa na chumba chao cha kungojea, mbali na Wazungu. Kituo kikaja kufungwa, jengo likachakaa.

Desemba 2014 jengo hilo lilifunguliwa upya kama mkahawa kwa jina The Grey. Wenye kazi hiyo ni wawili, Mzungu mfanyabiashara John Morisano na mpishi mweusi, Bi. Mashama Bailey, aliyezaliwa New York na kuishi Savannah sehemu ya utoto wake. Mwaka 2022 Bi. Bailey alitunukiwa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Marekani nzima. Tuzo hiyo katika ulimwengu wa mapishi ni kama nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa mkimbiaji wetu.

Sitakudanganya kwamba ni pahali pa mwanafunzi wa kawaida. Bei yake ni ya kufunga mkanda, na inafaa kuweka nafasi mapema. Lakini hata ukipita nje tu, simama kidogo. Katika jengo ambamo msafiri mweusi alitengwa, mwanamke mweusi ndiye amekuwa mkuu wa jiko.

UPEPO WA BAHARI

Ukiwa na watoto, tenga siku moja uende kisiwa cha Tybee, mwendo wa kilomita 29 hivi. Huko chakula ni samaki, kaa, chaza na kamba. Agiza sufuria ya pwani, yaani kamba, mahindi ya kuchemsha, viazi na soseji, vyote vimepikwa pamoja kwa viungo vikali na kumwagwa mezani juu ya karatasi. Mnakula kwa mikono. Watoto wa Kenya hawatahitaji mafunzo.

Ufuo huo nao una kumbukumbu. Mwaka 1960 vijana weusi walikamatwa kwa kosa la kuingia baharini hapo kuogelea. Bahari yenyewe ilikuwa na wenyewe.

BARABARA YA BROUGHTON

Sasa tumefika pale binamu yangu alipotaka kunifikisha. Jioni ya mwisho tulisimama kwenye foleni ya Leopold's, nambari 212 East Broughton. Ni duka la aiskrimu lililoanzishwa mwaka 1919 na ndugu watatu kutoka Ugiriki. Lilifungwa mwaka 1969, na mwana wa mmoja wao, Stratton Leopold, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu huko Hollywood, akalifungua tena mwaka 2004. Foleni ni ndefu lakini inakwenda. Niliagiza ya matunda mchanganyiko na njugu, ambayo huita "tutti frutti".

Tulipotoka, binamu yangu akanielekeza jengo kubwa lililo upande wa pili wa barabara. Ni maktaba ya wanafunzi wa SCAD. Zamani lilikuwa duka kubwa la Levy's, na ndani yake kulikuwa na ukumbi wa kulia chakula ulioitwa Azalea Room. Mtu mweusi aliweza kuingia dukani akanunua nguo na viatu, na pesa zake zikapokewa bila kusitasita. Alichokatazwa ni kuketi akaagiza chakula. Sheria ya mji ilitaka hivyo.

Tarehe 16 Machi, 1960, wanafunzi weusi waliingia katika maduka ya katikati ya mji na kuketi kwenye kaunta za chakula walizokatazwa. Ndani ya Levy's wanafunzi watatu walikamatwa: Carolyn Quilloin, Ernest Robinson na Joan Tyson. Kosa lao lilikuwa kuketi wahudumiwe.

Viongozi wakaingilia kati. Mmoja wao, W. W. Law, alikuwa tarishi wa posta, kazi yake kupeleka barua mlango kwa mlango. Yeye na wenzake kama Hosea Williams waliwaomba weusi wa Savannah wasinunue tena chochote katika maduka ya mji. Wakaitikia karibu wote. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na bado watu wakakataa. Hatimaye Oktoba 1961 sheria ya kutenganisha kaunta za chakula ikafutwa, na kufikia Oktoba 1963 milango ya sehemu nyinginezo za umma ikawa imefunguliwa. Sheria ya taifa zima ilifuata mwaka 1964, Savannah ukiwa umetangulia.

Wazee wetu wanazielewa habari hizi bila kufafanuliwa. Katika Nairobi ya ukoloni, Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa akiwa amebeba sinia, wala si kusubiri sinia iletwe. Tena kumbuka kwamba Septemba 1959 wanafunzi 81 wa kwetu walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, na wengine wakafuata katika miaka iliyofuata. Baadhi yao walikwenda vyuo vya weusi huko Kusini. Mmoja wao angepitia Savannah Machi 1960 akiwa na njaa na dola mfukoni, kaunta ya Levy's isingempa hata bilauri ya maji.

Nilihesabu miaka. Kutoka siku wale watatu walipokamatwa hadi siku Obama alipopitishiwa mabakuli kule mtaa wa Jones, ni karibu miaka hamsini kamili. Kwa umri wa binadamu si mingi. Mtu aliyekuwa mwanafunzi wa miaka kumi na minane siku ile alikuwa bado hajafika sabini. Na sasa ndani ya jengo lile vijana wa kila rangi wanasoma vitabu, na mlangoni kuna bango la kumbukumbu ambalo wengi hulipita wakikimbilia aiskrimu.

"Dada, inayeyuka," binamu yangu akasema. Kweli, mkono wangu ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko.

KABLA HUJAFUNGA SAFARI

Msomaji, haya machache yatakufaa:

Nguruwe. Wapishi wa Kusini huitia nyama ya nguruwe katika vitu vingi, hata sukuma wiki, kunde na wali mwekundu. Mwislamu, au yeyote asiyeila, aulize kila sahani kabla ya kuagiza, hata ya mboga tupu. Mikahawa mingine hutumia bata mzinga badala yake.

Bakshishi. Kodi huongezwa juu ya bei ya menyu, halafu mhudumu hutazamia asilimia 15 hadi 20. Usimwone mchoyo anayekutazama. Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Anaishi kwa kile unachomwachia.

Kinywaji. Aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi pombe, awe ni mwanafunzi wa chuo au la. Beba kitambulisho chenye picha hata kama una mvi.

Wakati. Julai na Agosti kuna joto la kukumbusha Mombasa. Majira ya kuchipua maua na miezi ya Oktoba na Novemba ndiyo mizuri. Karibu na tarehe 17 Machi mji hufurika watu wa sherehe za Mtakatifu Patrick, na chumba cha kulala huwa adimu.

Bajeti. Meza ya Mrs. Wilkes hufunguliwa mchana tu, siku za kazi, na kila mtu mzima hulipa bei moja, ale kidogo ama ale mpaka ashindwe kusimama. Fika mapema, na usile kiamshakinywa kizito.

Mwisho, ukiwa na mtoto wako mwanafunzi, mpeleke aiskrimu Broughton, kisha mvushe barabara mkalisome lile bango. Mwambie kwamba waliomfungulia kiti walikuwa wanafunzi kama yeye, na tarishi mmoja wa posta.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia chakula chema, popote utakapoketi.